Nyumba ya maskini ya Marseille haina madirisha ya nje. Ilikuwa sadaka au jela?

#1 MvukaMaji

Wadau, habari za Jumapili.

Nilikuwa Marseille kwa shughuli ya siku tatu, siku ya nne nikabaki na saa tano za kusubiri treni. Nikapanda zangu mtaa wa Panier, ule wa vichochoro nyuma ya bandari ya zamani, mpaka kwenye jengo linaloitwa Vieille Charité, yaani Hisani ya Zamani. Zamani lilikuwa nyumba ya kuwekea maskini, sasa ni kituo cha utamaduni. Ghorofa moja ina vitu vya kale vya Misri na Mediterania, nyingine ina sanaa za Afrika, Oceania na Amerika. Kuna sinema ndogo, na kuna kituo cha mashairi chenye maktaba yake. Maonyesho ya kudumu sikulipa hata senti.

Kilichonileta hapa ni hiki. Kabla sijaona mlango nilizunguka jengo kwa nje. Ukuta. Nikakata kona, ukuta tena. Hakuna dirisha la mtu kuchungulia. Ukishaingia ndani ndipo unaduwaa: ua mpana, kanisa lenye kuba la umbo la yai katikati, na pande zote nne ghorofa tatu za matao, zimepangana kama vitabu kabatini. Jiwe ni jeupe lenye uwaridi, na jua likianza kushuka linakuwa kama papai lililokatwa. Nilikaa kwenye ngazi nikasahau treni.

Lakini kila tao linatazama ndani. Bahari iko chini hapo, mwendo wa dakika kumi, na aliyelala humo hakuiona.

Mlinzi nilipomwuliza alisema ni kwa sababu ya upepo. Mama mmoja aliyekuwa akiongoza kundi la wageni nikamsikia anasema ni ili wasitoroke. Sasa nani mkweli?

#2 kiti_cha_mbele

Uzi bila picha ni batili. Nimekaa nasubiri.

#3 FundiJuma

Mkuu, mimi ni fundi mwashi mwaka wa 22 huu, ngoja nikutoe tongotongo. Swali lako lina jibu la kifundi kabla ya la siasa.

Ukuta wa mawe unaobeba ghorofa tatu, na ndani yake dari za kuba na matao, muda wote unasukumwa kwenda nje. Kila tundu unalotoboa unaupunguzia nguvu. Mwanga unautaka? Uchukue upande wa uani ambako matao yapo tayari. Halafu kuna hela. Dirisha la jiwe la kuchonga, mbao, chuma na kioo, enzi hizo kioo hakikuwa kitu cha kumwekea ombaomba. Kamati ikikwambia "jenga kwa kiasi hiki", cha kwanza kufutwa kwenye mchoro ni madirisha. Nimefutiwa mengi mimi, na wala haikuwa jela, ilikuwa shule.

Msitafute jela kila mahali.

#4 MjukuuWaMkomani

Fundi amesema kweli, lakini hata pesa zingekuwepo. Njooni Lamu. Ukipita kichochoroni unaona ukuta mrefu na daka, kile kibaraza cha mlangoni, basi. Ingia sasa: tekani ya kuingilia, halafu kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, halafu misana, vile vyumba virefu, halafu ndani na zidaka zake, vishubaka vya ukutani. Mwanga wote wa nyumba unaingia kwa kiwanda. Bibi yangu ameishi hivyo miaka themanini na hajawahi kusema amefungwa. Hiyo inaitwa sitara.

Watu wa bahari huupa mtaa mgongo. Mediterania na pwani yetu hapo ni ndugu.

#5 Nyaraka_na_Vumbi

Mjukuu wa Mkomani, nyumba ya Lamu ufunguo anao bibi yako. Huko ufunguo alikuwa nao nani? Anzia hapo.

Historia kwa kifupi. Mwaka 1656 Mfalme Louis XIV aliamuru Paris iwe na Hôpital Général. Usidanganywe na neno, haikuwa hospitali ya kutibu. Ilikuwa mahali pa kuwakusanya fukara, ombaomba, mayatima na wendawazimu. Mwaka 1662 ikatoka amri kwamba kila mji mkubwa uwe na yake. Wanahistoria wa Ufaransa wanauita wakati ule "kifungo kikuu". Baraza la mji wa Marseille likampa kazi mchoraji na mchongaji Pierre Puget, ujenzi ukaanza 1671 na kumalizika 1749.

Mjini kulikuwa na askari maalumu walioitwa chasse-gueux, yaani wawinda ombaomba. Ombaomba wa kuja walifukuzwa nje ya mji, mzawa wa Marseille alifungiwa. Kinachonifurahisha ni kwamba mara nyingi watu wa mtaani walisimama upande wa ombaomba, wakawazomea askari na hata kuwapora mtu wao.

Mwaka 1736 ndani mlikuwa na watu 850. Mwaka 1760 walifika 1,059. Mwaka 1781 walibaki 250 tu, kwa sababu ile siasa ya kufungia maskini ilikuwa imeshalegea. Sitara haiishi hivyo kwa kubadilika sera.

#6 kiti_cha_mbele

1671 mpaka 1749? Miaka 78? Huyo mkandarasi namjua, ndiye anayetuchimbia mfereji mtaani kwetu.

#7 MvukaMaji

Nyaraka, ahsante sana mkuu. Nimesoma pia kwamba Puget alikuwa mtoto wa mtaa ule ule. Basi nilipoona sura ya kanisa, zile nguzo na ule mchongo juu ya mlango, nikasema huyu jamaa kwa kweli aliwapenda watu wa kwao. Mtu wa kujenga jela hachongi vile.

Picha nitaweka, simu yangu imejaa.

#8 Dada_Nasra

Samahani kaka MvukaMaji, hapo umempa Puget sifa isiyo yake. Puget alifariki 1694. Kanisa lilianza kujengwa 1679 na likamalizwa 1707, mwenyewe yuko kaburini miaka 13. Na hiyo sura ya mbele yenye nguzo na mchongo ni ya 1863. Kwa hiyo huruma unayoiona pale mlangoni ni huruma ya karne ya 19, imebandikwa kwenye jengo la karne ya 17. Maskini wa 1760 hawakuiona hata siku moja.

Mchongo wenyewe ni mwanamke, ndiye Hisani, anapokea watoto mafukara. Pembeni yake ndege wawili wanalisha makinda. Ulidhani ni bata?

#9 MvukaMaji

Nilidhani ni korongo. Nakiri.

#10 Dada_Nasra

Ni mwari. Wakristo wa zamani waliamini mwari hujidonoa kifua akawalisha wanawe damu yake, ndiyo maana wakamfanya alama ya kujitolea.

Na hapa sisi Waswahili tunacheka peke yetu, maana kwetu mwari ni ndege na mwari ni msichana aliyewekwa ndani. Mlangoni mwari, ndani wari elfu moja. Mfaransa hajui alichokiandika.

Mimi nasema hivi, ndugu zangu: sadaka ya kweli mtu huipokea akaondoka. Kwetu mtu alikuwa akiweka wakfu shamba au nyumba, mapato yakaenda kwa maskini, na maskini akala akaenda zake. Hakufungiwa mlango ili mwenye wakfu apate thawabu.

#11 FundiJuma

Dada Nasra, na Welezo je? Na Sebleni? Si nyumba za wazee hizo, na zina uzio?

#12 Dada_Nasra

Fundi wewe. Welezo mtu anapokea wageni wake Iddi na anakwenda sokoni akiweza. Uzio wa mbuzi usiingie si uzio wa mtu asitoke.

#13 Mngazidja_wa_Panier

Bariza, ndugu zangu. Nasoma huu uzi nikicheka kwa sababu ninyi mnajadili jengo na mimi nimecheza mpira uani mwake mpaka walinzi wananijua.

Babu yangu alikuwa baharia kwenye meli za Wafaransa, chumba cha mashine, akateremka Marseille akapanga chumba Panier. Sisi Wakomoro tuko wengi hapa, mji huu watani wanauita kisiwa cha tano cha Komoro. Mwenye nyumba wake alikuwa mwanamke wa Kikorsika. Huyo mama alikulia ndani ya hiyo Vieille Charité.

Msishangae. Wengi wanadhani maskini walitoka, makumbusho yakaingia. Hasha. Mpaka mwisho wa karne ya 19 ilikuwa ya wazee na watoto. Mwaka 1905 jeshi likaingia. Baada yake wakaingia watu wasio na pa kukaa. Januari 1943 Wajerumani wakishirikiana na polisi wa Kifaransa waliwatoa watu wa mitaa ya bandari zaidi ya 20,000, kisha wakalipua karibu nyumba 1,500 kwa baruti. Nenda pale chini uangalie, majengo yote ni ya baada ya vita. Waliobaki bila nyumba, baadhi yao wakapanda kilimani wakajisitiri kwenye Charité.

Huyo mama alikuwa na miaka sita. Familia nzima chumba kimoja, wamegawa kwa shuka iliyotundikwa kwenye kamba. Mama yake anapikia kwenye varanda, chini ya tao, moshi umelifanya lile jiwe la papai kuwa jeusi kama sufuria. Nguo zinaanikwa kutoka nguzo hadi nguzo ghorofa zote tatu.

Kwa hiyo mkiuliza sadaka au jela, kuna miaka mingi lilikuwa ghetto tu, la kupangia bila kodi.

#14 kiti_cha_mbele

Ghetto lenye kuba la umbo la yai. Mimi ghetto langu lina kuba la bati.

#15 Mzee_wa_Kariakoo

Vijana, shikamooni wenyewe kwa wenyewe. Hao wawinda ombaomba wa Nyaraka (#5) mnawaona wa ajabu, kana kwamba hapa hatukuwa nao.

Mwaka 1983, msako wa Nguvu Kazi hapa Dar. Nilikuwa na miaka 19, nimetumwa na kaka yangu kununua betri za redio Mtaa wa Msimbazi. Nikadakwa. Kitambulisho cha kazi? Sina. Basi wewe mzururaji. Tukapakiwa kwenye lori, mimi betri nne mkononi. Tukalala kituoni, wengine wakapelekwa mashambani huko, mimi kaka akaja na barua ya mwajiri wake nikatolewa. Betri nilizishika usiku kucha, asubuhi mikono inanuka chuma.

Na walichotuambia ndicho nataka mkisikie: hatukukamatwa, tulikuwa "tunasaidiwa" kupata kazi. Lugha ile ile. Ndiyo maana nikisikia jengo la kumfungia maskini linaitwa Hisani sishtuki hata kidogo.

#16 KasaraniMwisho

Mzee, pole sana. Huku Kenya tulikuwa na sheria ya wazururaji tuliyorithi kwa mkoloni, ikafutwa 1997. Kabla ya hapo ukionekana mjini huna shughuli unaweza kubebwa tu.

Lakini pia tusiwe na uchungu wa kupitiliza. Karibu na kwetu kuna Nyumba ya Wazee, inaendeshwa na watawa wa shirika lililoanza Ufaransa 1839. Hao masista wanaomba chakula sokoni wenyewe, wanarudi na sukuma na viazi, wazee wanakula. Pia hiyo ni Ufaransa, pia hiyo ni charité. Kwa hivyo neno si la kutupa.

#17 Nyaraka_na_Vumbi

Kasarani, sikatai. Ila tazama tofauti: hapo anayeomba ni mtawa na anayekula ni mzee. Marseille anayeomba ndiye aliyekuwa anawindwa.

Tena hawakukaa bure. Wavulana walitolewa kuwa watumishi wa melini au wanagenzi kwa mafundi, wasichana wakapelekwa utumishi wa majumbani na ushonaji. Mji wa bandari ulihitaji mikono. Hapa ndipo naweka sababu yangu ya tatu juu ya upepo wa mlinzi na utoro wa yule mama: jengo lisilo na dirisha ni ghala. Unahifadhi nguvu kazi mpaka mwenye meli aje kuchukua.

#18 MjukuuWaMkomani

Ghala lenye kanisa la kifahari katikati? Wewe Nyaraka una ugonjwa wa kuona hesabu kila mahali.

#19 Nyaraka_na_Vumbi

Na wewe una ugonjwa wa kuona Lamu kila mahali. Tupeane pole.

#20 Sista_Zamu

Nimesoma kimya tangu jana. Mimi sijui historia, nimefanya kazi nyumba ya wazee miaka tisa, jina lake silitaji.

Kitu cha kwanza mzee anachogombania si kitanda wala chakula. Ni dirisha la upande wa barabara. Tulikuwa na vyumba vinavyotazama bustani, mwembe, ndege, kila mgeni anasema pazuri. Wazee hawavitaki. Wanataka vile vya upande wa kituo cha daladala, kelele na vumbi. Kuna babu mmoja alikuwa anahesabu magari, jioni anatusomea hesabu: leo 214, jana 198. Siku uongozi ulipopaka rangi nyeupe vioo vya upande ule "ili wazee wapate utulivu", babu hakupiga kelele. Aliacha kunyoa ndevu tu.

Sasa MvukaMaji anaposema ua ni mzuri, naamini. Lakini mzuri kwa nani aliyekaa humo kila siku?

#21 Mzee_wa_Kariakoo

Sista umenigusa.

#22 FundiJuma

Sista, hapo nimenyamaza kidogo. Kwenye ufundi bado nasimama pale pale.

Swali kwa MvukaMaji: ulitazama milango ya vyumba? Komeo liko upande gani, la ndani au la nje? Hilo linasema kweli kuliko dirisha.

#23 MvukaMaji

Fundi, milango ya sasa ni ya vioo na chuma, ya makumbusho. Jengo lilikarabatiwa likamalizika 1986, chochote cha zamani cha mbao hakipo. Kumbe mtu aliyelipigia kelele lisibomoke ni Le Corbusier, yule aliyejenga lile ghorofa refu la Marseille baada ya vita. Likaingizwa kwenye orodha ya majengo ya historia mwaka 1951.

#24 kiti_cha_mbele

Kwa hiyo Le Corbusier ndiye aliyeziba madirisha. Kesi imefungwa.

#25 Dada_Nasra

Hakuziba kitu huyo, alisema tu lisiachwe lianguke. Soma kwanza, kisha utani.

#26 Bwana_Iringa

Natoka nje ya mada kidogo. MvukaMaji, ghorofa ya Afrika na Oceania, uliona mafuvu? Nimesikia kuna mkusanyo wa mafuvu ya watu.

#27 MvukaMaji

Yapo. Yalikuwa mali ya daktari wa ubongo, Henri Gastaut. Mafuvu yaliyochongwa na kupambwa, na vichwa vilivyokaushwa, ya Oceania na Amerika. Chumba chenyewe kina giza, taa ziko kwenye vioo tu. Nilisimama mbele ya moja lenye ushanga kwenye matundu ya macho, nikajiona uso wangu kwenye kioo umekaa juu yake. Nikatoka.

#28 Bwana_Iringa

Sisi Wahehe hilo tunalijua. Fuvu la chifu wetu Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lilitajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, lirudishwe, na likaja kurudi Kalenga 1954, miaka 56 tangu afe. Na mpaka leo wapo wanaobisha kama ni lenyewe.

Nachojiuliza ni hiki. Jengo liliwakusanya watu wasio na mtu wa kuwadai. Leo limekusanya vichwa visivyo na mtu wa kuvidai. Ni bahati mbaya, au jengo lina tabia?

#29 FundiJuma

Jengo halina tabia, lina msingi.

#30 MjukuuWaMkomani

Lakini lina tabia. Fort Jesus ilijengwa ngome, Mwingereza akaifanya jela tangu 1895 hadi 1958, leo ni makumbusho. Ukuta mnene ukishakuwepo, kila anayekuja anapata la kufanyia. Nadhani hata Marseille tunabishana bure, kila mwenye ufunguo alikuwa na sababu yake.

#31 Nyaraka_na_Vumbi

Leo umesema "ufunguo". Nimepata mwanafunzi.

#32 MjukuuWaMkomani

Usijipe sifa. Nimesema pia kwamba ni sitara, na sijafuta.

#33 Mngazidja_wa_Panier

Wandugu, jana nilimpigia yule mama wa Kikorsika. Ana karibu miaka tisini, masikio mazito, lakini nikitaja Charité anasikia vizuri. Nikamwuliza hili la madirisha, na kwamba mlinzi anasema ni upepo.

Akacheka mpaka akakohoa. Anasema upepo wa mistral ulikuwa unaingia kwa juu, unazunguka uani kama ng'ombe zizini, hauoni pa kutokea. Shuka za kufuliwa zilikuwa zinanyakuliwa kwenye matao na kukutwa upande wa pili wa kanisa, na kina mama wanagombana shuka ni ya nani. Kwa hiyo ukuta haukuzuia upepo, uliufungia ndani pamoja nao.

Nikamwuliza kama walikuwa wanajisikia wamefungwa. Akasema wao watoto walikuwa wanatoka asubuhi na kurudi usiku, mlango hauna hata kitasa. Halafu akaniuliza kama bado pana harufu ya mkojo kwenye ngazi ya kushoto. Nikamwambia sasa hivi pana duka la vitabu. Akanyamaza.

Mtu akija aniambie, nitamtembeza. Jumatatu wanafunga, usije Jumatatu.

#34 FundiJuma

Mngazidja, hebu mwulize tena: hizo shuka zilikuwa zinanyakuliwa ghorofa ya ngapi? Kama ni ya juu tu, mlinzi bado ana hoja.